Mwanamke Aliyeketi Mahali pa Mama Yako

Mwanangu Nyambura,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Leo asubuhi tumekunywa chai meza moja, umetia vijiko vinne vya sukari kama kawaida yako, na umenikumbusha mara tatu kwamba gari la kwenda Timau linaondoka kesho saa mbili. Mimi niko dukani, huku nyuma kwenye stoo ya misumari na rangi. Bwana Kanti amenipa karatasi za kuandikia oda na kiti kimoja, akaniambia nisitoke mpaka nimalize. Nimemfanyia kazi miaka tisa na anajua nilivyo mwoga.

Sitakuambia uvae sweta. Mama yako ameshazipanga, mbili chini na moja juu. Sitakuambia habari za marafiki wala kanisa wala wanaume, kwa sababu una miaka ishirini na mitatu na nikifungua mdomo juu ya mambo hayo unaangalia simu. Nina jambo moja tu, nami nalizunguka tangu saa nane mchana. Nimeshachana karatasi mbili.

Jumanne, huko Timau, utaketi kwenye dawati la mikopo la benki. Watu watakuja mbele yako wameshika hatimiliki za mashamba yao ndani ya karatasi za nailoni. Mimi niliwahi kuketi upande ule wa pili wa dawati kama hilo, na nilidanganya. Uongo huo umekulea. Umeishi ndani yake tangu ukiwa darasa la sita, na kwa ajili yake unapita karibu na mama yako kila asubuhi bila kumsalimia.

Juzi nilikusikia ukimwambia kaka yako kwamba mshahara wako wa kwanza utanitumia mimi kwa simu, na mama asiguse hata shilingi. Ukasema, "Si yeye ndiye aliweka kidole shamba ikaenda?" Mama yako alikuwa anaanika nguo hapo chini ya dirisha. Alisikia. Mimi pia nilisikia, nikaendelea kufunga viatu vyangu.

Mama yako hakuweka kidole. Karatasi ile ya mkopo hajawahi kuiona kwa macho yake. Aliyeweka kidole ni mwanamke mwingine, na mimi ndiye niliyemleta.

Sasa nimeandika. Ngoja nipumzike kidogo halafu nikueleze tangu mwanzo, maana hutaniamini nikiishia hapo, na huna sababu ya kuniamini.

Unalikumbuka shamba la Endarasha kwa macho ya mtoto: mbwa, baridi, mvua ya mawe, na cucu wako, mama yangu, akikaanga viazi vidogo ambavyo madalali wa Nairobi walivikataa. Lilikuwa ekari tatu na nusu. Baba yangu aliniachia, naye alikuwa amezikwa pale juu karibu na mti wa mkuyu. Tulikuwa na ng'ombe wawili, na viazi, na kabichi msimu ukikubali. Hatukulala njaa. Nataka ulishike hilo vizuri, kwa sababu nikisema nilikopa watu hudhani nilikuwa na shida. Sikuwa na shida. Nilikuwa na wivu.

Madalali walikuwa wanakuja na malori yao, wanajaza magunia yetu mpaka yanaota kichwa, wanalipa kama gunia la kawaida, na kule Nairobi wanauza kwa debe. Nilifanya hesabu usiku na mchana. Nikaona kwamba mtu mwenye lori ndiye anakula, na mtu mwenye shamba ni mtumishi wake. Hesabu ile haikuwa mbaya. Hata leo naiona ni nzuri. Nilihitaji lori dogo, na lori dogo lililotumika lilikuwa shilingi laki nane.

Nilikwenda benki hapa Nyeri. Sitaitaja jina, na siyo ile uliyoajiriwa. Ofisa wa mikopo alikuwa kijana anaitwa Githinji, mwenye tai nyembamba na sauti nzuri. Akaniambia laki nane inapatikana nikileta hatimiliki, na kwa sababu shamba ni la familia, nimlete mama wa nyumbani akubali mbele ya wakili wa benki. Sheria inataka hivyo. Utaijua kuliko mimi. Imewekwa kwa sababu ya wanaume wa namna yangu.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua.

"Baba Nyambura, hii shamba si ya kwenda benki."

"Ni karatasi tu inaenda. Shamba itabaki hapa."

"Karatasi ndiyo shamba. Hii ingine ni udongo."

Nikamwambia haelewi biashara. Akasema anaelewa kwamba baba yake mwenyewe aliweka taito ya shamba benki kwa ajili ya mashine ya kusaga, na yeye akatolewa shule kidato cha pili. Nilikuwa najua habari hiyo, nikajifanya sijui. Baada ya wiki mbili nilimuuliza tena. Akasema, "Ukope bila shamba. Wakikataa, hiyo lori si yako." Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilikuwa nimeshawaambia wanaume pale senta kwamba nanunua lori. Wengine walikuwa wameanza kuniita Mwenye Lori. Ungeniona jinsi nilivyotembea siku zile, ungecheka.

Pale senta kulikuwa na mjane mmoja, Tabitha, mwenye hoteli ya chai. Alilingana na mama yako kwa urefu na kwa rangi, na kitambaa kikifungwa mpaka kwenye nyusi, mtu asiyemjua angeweza kukosea. Hatukuwa wapenzi. Afadhali tungekuwa, ningekuwa na kisingizio ambacho watu hukielewa. Nilimpa shilingi elfu kumi na magunia mawili ya viazi. Alikuwa anadaiwa kodi ya hoteli miezi mitatu. Aliniuliza swali moja tu: "Mama Nyambura anajua?" Nikasema anajua, ila ana haya ya kwenda mjini. Hakuamini, lakini alichukua pesa.

Kitambulisho cha mama yako nilikitoa ndani ya mkoba wake akiwa kanisani.

Nilichagua siku kwa akili sana. Mama yako alikuwa na akaunti kwenye benki ileile. Maziwa yalilipwa huko kila tarehe tano, naye alikwenda mwenyewe, akatoa za matumizi na kuacha kiasi. Alikuwa na kitabu chake kidogo, alikifunga kwa leso. Alikuwa anaweka ili wewe uende shule ya bweni. Kwa hiyo niliikwepa tarehe tano. Tulikwenda tarehe ishirini na nane.

Githinji akamwangalia Tabitha, akaniangalia. "Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Mama, umekubali baba achukue loni na hii shamba?"

"Nimekubali."

"Utaandika jina ama kidole?"

Tabitha hakuweza kuiga mwandiko wa mama yako. Akasema kidole. Na hapo, Nyambura, kitambulisho kilikuwa mezani, na juu yake sahihi ya mama yako ilionekana, ile sahihi yake nzuri iliyolala kidogo. Githinji aliishika kadi ile, akaisoma. Akatazama picha. Akakisukuma kile kidude cha wino mbele ya Tabitha bila kuinua macho tena. Wakili wa benki alikuwa anaongea na simu, akatia muhuri wake na simu iko begani.

Kutoka dawati lile mpaka kaunta ya kuweka pesa ni hatua sita. Nimezihesabu mara nyingi kichwani. Kwenye kaunta alikuwepo msichana aliyempokea mama yako kila mwezi, aliyemjua kwa jina na kumuuliza habari za ng'ombe. Mtu mmoja angemwita, "Hebu njoo umsalimie Wangari," mambo yangekwisha hapo na ningelala polisi siku hiyohiyo. Hakuna aliyemwita. Upande wa kuweka walimjua mama yako vizuri. Upande wa kukopesha hawakumjua, na pande hizo mbili hazikuulizana. Nakuomba hilo lisikupite. Mtu akikuletea mke wake, muulize yule mama kitu ambacho hakimo kwenye fomu. Muulize ng'ombe wake anakamuliwa na nani. Mke wa kweli atajibu hata kabla hujamaliza, na pengine ataongeza malalamiko.

Lori lilikuja. Ulikaa mbele ukapiga honi mpaka cucu akatoka na mwiko mkononi. Mama yako aliniuliza pesa zimetoka wapi. Nikasema nimekopa bila shamba, kama alivyotaka. Alifurahi. Alitengeneza chapati. Sijui kwa nini naandika habari za chapati, lakini siku ile ndiyo inayoniuma kuliko siku ya mnada.

Miezi saba nililipa vizuri. Halafu gia zikafa njiani nikiwa na shehena, viazi vikaoza, na fundi wa Karatina akawa ananiuzia lori langu mwenyewe kipande kwa kipande. Mwezi wa nane nililipa kwa taabu, wa tisa nikakosa. Githinji alinipigia simu kwa upole, akaniita mzee wangu. Mwezi wa kumi alipiga mara nne. Wa kumi na moja alipiga karibu kila siku, tena kwa hasira. Halafu akaacha. Mimi mjinga nikashukuru Mungu, nikadhani wamenihurumia. Siku benki inapoacha kukupigia simu ndiyo siku ya kuogopa, maana faili lako limeondoka kwa mtu wa kuongea likaenda kwa mtu wa kuuza. Wewe utakuwa mtu wa kuongea. Kabla hujaacha kumpigia mtu, mwambie waziwazi kwamba hutapiga tena, na kwa nini.

Notisi zilikuja mbili mbili, moja yangu na moja ya mama yako. Ufunguo wa sanduku la posta nilikuwa nao mimi. Za kwake nilizitia ndani ya gunia la chakula cha kuku.

Aliipata habari kwenye kibanda cha kukusanyia maziwa. Dalali wa mnada alikuwa amebandika karatasi kwenye nguzo, na mama yako, akiwa bado ameshika mkebe wa maziwa, akasoma namba ya shamba letu. Namba ile aliijua kwa kichwa. Alirudi nyumbani na maziwa yote, hakuyapima, akaweka mkebe chini mlangoni.

"Namba yetu iko pale kwa maziwa," akasema.

Nilimwambia. Si kwa ujasiri, nilimwambia kwa sababu hakukuwa na mahali pa kujificha. Hakupiga kelele. Aliniuliza ni nani. Nikasema Tabitha. Akauliza, "Aliweka kidole?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ati kidole. Na mimi najua kuandika." Hilo ndilo lililomtoa machozi, kwamba mahali fulani ndani ya kabati la benki kuna karatasi inayosema Wangari hajui kuandika.

Kesho yake alikwenda kwa wakili hapa mjini, peke yake. Alirudi jioni akaniita nyuma ya boma, watoto msisikie.

"Wakili anasema nikiapa si mimi, hawawezi kuuza. Hiyo karatasi inakuwa takataka."

Nikasema ashukuriwe Mungu.

"Ngoja. Anasema baada ya hapo polisi wanakuja kwako. Wewe na Tabitha. Ni miaka."

Sasa sikia vizuri, kwa sababu hapa ndipo mahali pangu pabaya kuliko pote. Kile kidole kilikuwa kosa la mtu mwenye tamaa, na tamaa huwapata wengi. Lakini jioni ile nilikuwa na akili zangu timamu. Nilikuwa na neno moja la kusema. Ningesema "Apa," tu. Apa, niende jela, shamba libaki, watoto wabaki kwao, mama yangu abaki karibu na kaburi la mume wake. Neno lenyewe ni fupi. Sikulisema. Nilisema, "Na hawa watoto utawalisha na nini?" Nilimtisha kwa njaa yenu. Nilijua ndipo pa kumshika.

Alitazama upande wa nyumba, mlikokuwa ninyi. Kisha akasema hataapa.

Shamba liliuzwa siku ya Jumatano, kwa dakika kumi hivi. Alilinunua mtu wa Kutus mwenye pesa za mchele, ambaye hana ubaya wowote, alilipa alichotakiwa kulipa. Alitupa wiki tatu tuhame. Kaburi la baba yangu limo humo, na mara ya mwisho nilipopita palikuwa na kabichi.

Ndugu zangu walikuja kuuliza. Walikaa sebuleni wamevaa makoti, na kaka yangu mkubwa akasema, "Muriithi, benki haichukui shamba bila mama wa boma kukubali. Ilikuwaje?" Nilikuwa nimeshamwona mama yako akiingia na sinia ya chai. Nilisema, "Mama Nyambura alikubali. Aliweka kidole, karatasi iko." Mama yako alisimama mlangoni kidogo. Halafu akamimina chai, akaanza na kaka yangu, akamalizia na mimi. Wewe ulikuwa umeketi pale chini ukisokota pindo la nguo yako, ukainua kichwa ukamwangalia. Nililiona jicho lile. Lingali hivyo mpaka leo.

Walipoondoka nilimwomba msamaha. Unajua aliniambia nini? Alisema, "Wacha wanikasirikie mimi. Wewe wakikukasirikia utaanza kunywa, na mimi siwezi kulea watoto na mlevi." Alinijua. Hakunitunzia heshima kwa mapenzi, Nyambura, usidanganyike. Alinitunza kama unavyotunza ng'ombe mgonjwa ambaye bado anatoa lita mbili.

Bwana Kanti ndiye aliyenifundisha kitu kingine, wakati nilipoanza kazi hapa. Siku moja nilikuwa nalalamika kwamba benki imetuibia. Yeye alikuwa anahesabu mauzo ya siku apeleke benki.

"Muriithi, hiyo laki nane ulikopa ilikuwa ya nani?"

"Ya benki."

"Benki haina shamba ya pesa. Hii hapa ni yangu, naenda kuweka. Ya mama wa maziwa iko hapo. Ya mwalimu iko hapo. Benki inatupa sisi riba kidogo, inakupa wewe pesa yetu kwa riba kubwa, na hapo katikati ndiyo chakula yake. Mimi nikitaka yangu kesho, lazima ipatikane. Lakini yangu iko ndani ya lori yako. Sasa benki ishike nini, kama si shamba?"

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikafikiri. Mama yako alikuwa mmoja wa hao akina mama wa maziwa. Kila tarehe tano aliweka pesa za shule yako kwenye kaunta ile, na kwa mwaka walimwongezea shilingi mia mbili na kitu. Hatua sita kutoka hapo wakazichukua pesa hizo wakanikopesha mimi, kwa rehani ya shamba aliloishi, kwa idhini ambayo hakuitoa. Na mnada ulipokwisha, pesa zake zikarudi salama bila kupungua hata senti. Zilirudishwa kutoka kwenye shamba lake mwenyewe. Kwenye vitabu vya benki hakuna aliyepoteza kitu. Kitabu chake kidogo kilikuwa sawasawa kabisa. Ndicho kilichokulipia kidato cha kwanza tukiwa kwenye chumba cha kupanga, na wewe ukadhani ni mimi.

Kwa hiyo sitaki uende Timau ukiichukia benki. Ilifanya kile ilichosema itafanya. Wale wanaokuja kukopa utawaona usoni, utawasikia wakikuita madam, utawaonea huruma. Wanaoweka hutawaona kwenye dawati lako. Wako kwenye foleni mgongoni kwako, wamefunga vitabu vyao kwa leso, wamekuamini na hawakujui jina. Ukikubali karatasi ya uongo kutoka kwa mwanamume mwenye sauti kubwa, umempa pesa za mtu na umempokonya mtu mwingine nyumba, na siku nyingine watu hao wawili ni mtu mmoja.

Githinji alikuja hapa dukani mwaka juzi kununua rangi ya lango. Amenenepa, ameacha benki, anafuga samaki Sagana. Tulitazamana. Alilipa, akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

"Mzee, ile siku nilijua siyo yeye."

Nikamuuliza mbona akakubali.

"Ilikuwa tarehe ishirini na nane. Nilikuwa nimebakisha loni moja nifikishe hesabu ya mwezi. Nilisema ni mambo ya nyumba yako." Akasimama. "Alifanya nini, yule mama?"

Nikamwambia alinyamaza. Akachukua rangi yake akaenda. Wewe pia utafika tarehe ishirini na nane, Maitu. Utafika kila mwezi. Siwezi kukuambia utafanya nini siku hiyo, nimekosa haki ya kukuambia. Nakuambia tu kwamba kijana yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa na sauti nzuri.

Nimekuita Maitu bila kufikiri. Ni neno la mtu kumwitia mama yake, na nakuita hivyo tangu siku ulipozaliwa kwa sababu una jina la mama yangu. Lazima nimalizie na yeye. Cucu wako alikufa katika chumba chetu cha kupanga, na kwa kuwa hatukuwa na udongo wetu, tulimzika makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua. Mama yangu mimi. Ulikuwa kidato cha tatu. Watu walipokuwa wanamwaga udongo, ukamgeukia mama yako mbele ya kanisa zima, ukasema, "Cucu angelala kwake kama hungeweka kidole." Mchungaji akakohoa. Shangazi zako wakatazama chini. Mimi nilikuwa na sepetu mkononi, nikaendelea kumwaga udongo juu ya mama yangu, haraka haraka, ili kelele ya udongo isaidie.

Mama yako aliyekuwa amemwogesha cucu miezi minane, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko, alisimama pale akapokea neno lile. Jioni aliosha vyombo vya watu wote.

Tangu siku hiyo hujamwita mama. Unasema "yeye". Miaka sita.

Nilifikiri niiweke barua hii ndani ya begi lako, chini ya sweta, uisome ukifika Timau. Nilimwambia Bwana Kanti hivyo, nikajiona mwema. Aliniuliza, "Sasa hiyo inamsaidia nani?" Nikajua jibu. Ungesoma mbali, ungelia mbali, na mimi nisingeona uso wako. Ungekuwa umeshampita mlangoni na begi lako kama unavyompita kila siku. Kwa hiyo sitaitia kwenye begi. Nikifika nyumbani jioni hii, kabla ya chakula, nitakupa mkononi.

Mama yako hajui. Alinikataza miaka yote hii. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya polisi, na siku hizi anasema umeshakua, mambo yamepoa, nisiyafukue. Hayajapoa. Jana usiku alikuwa anapiga pasi shati zako za kazini na alisimama nayo moja mkononi muda mrefu, pasi inapoa, na nilipomuuliza akasema anatafuta doa. Shati ni mpya.

Barua hii nimeitia jina langu na sahihi yangu. Inatosha kunifikisha mahakamani. Ukitaka kuipeleka, ipeleke. Ukiulizwa kama ni mwandiko wangu sema ndiyo, nami nitasema ndiyo. Kwa kaka yangu mkubwa nitakwenda mwenyewe Jumapili ijayo, hiyo ni kazi yangu na sikuombi unisindikize. Pesa zako za kwanza usinitumie. Ukinitumia nitazirudisha. Na kama hutaki kuniona kesho asubuhi, sitakuja kituo cha magari. Kaka yako atabeba begi.

Nitakuwa nimesimama nje, karibu na tanki la maji. Usije kwangu kwanza. Mimi nimetangulizwa vya kutosha katika nyumba ile. Mama yako atakuwa jikoni anakupikia, na hatageuka ukiingia, kwa sababu amezoea kwamba ukiingia unataka maji tu.

Mwite. Halafu sema lolote litakalokuja. Ila nakuomba jambo moja, na ndilo pekee nitakalokuomba: usimwambie kwamba umemsamehe. Hajakukosea kitu.

Mimi baba yako,
Muriithi